Wasifu wa mbunge wa miaka mingi: fuata kiti kwanza, kisha umfuate mtu

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Familia ya mbunge wetu wa zamani imeniomba niandike kitabu kidogo kuhusu maisha yake na kazi yake katika Bunge la Kenya. Wao husema alitumikia miaka 28, tangu 1969 hadi 1997. Wazee wa hapa wananiambia aliangushwa 1974 akarudi 1979, kisha mlolongo wa 1988, ule upigaji kura wa kupanga foleni, ukamtoa, akarudi tena vyama vingi viliporuhusiwa. Nina tanzia iliyosomwa siku ya mazishi, picha chache na mahojiano matatu yasiyopatana. Nianzie wapi, na nitajuaje alichokifanya kweli?

Jibu: Mwalimu, weka kinasa sauti kando kwa sasa. Mahojiano ya nne yatakupa toleo la nne la habari ileile, kwa sababu bado huna kitu cha kuyapimia. Wasifu wa mbunge una bahati ambayo wasifu wa mkulima au mfanyabiashara hauna: kazi yake iliandikwa na wengine, siku kwa siku, kwa gharama ya serikali. Anza na maandishi hayo, na ndani yake anza na kiti, yaani eneobunge lenyewe na kila uchaguzi uliofanyika hapo. Mtu husahau tarehe zake na jamaa zake huzipamba. Kiti kina mwanzo na mwisho unaojulikana.

Tuanze na hesabu ya familia. Uchaguzi wa 1969 ulifanyika tarehe 6 Desemba. Uliofuata ulikuwa 14 Oktoba 1974, kisha 8 Novemba 1979, 26 Septemba 1983, 21 Machi 1988, 29 Desemba 1992 na 29 Desemba 1997. Kama wazee wako wana haki, mzee alikaa bungeni karibu miaka 5 mara ya kwanza, miaka 8 na miezi michache mara ya pili, na 5 mara ya tatu. Jumla ni miaka 18 na kidogo, katika Mabunge manne: la Pili, la Nne, la Tano na la Saba. Familia haikudanganya. Ilihesabu tangu siku aliyoapishwa mara ya kwanza hadi siku aliyotoka mara ya mwisho, na miaka 28 ni urefu wa haki wa maisha yake ya siasa. Ila ukiandika "alikuwa mbunge kwa miaka 28", mtu yeyote mwenye orodha ya wabunge wa 1974 atakiweka kitabu chako chini ukurasa wa kwanza. Andika zote mbili, na useme ipi ni ipi.

Chukua karatasi kubwa na uchore jedwali lenye mstari mmoja kwa kila Bunge, pamoja na yale ambayo hakuwamo. Katika kila mstari weka tarehe ya uchaguzi, jina la eneobunge kama lilivyoitwa siku hiyo, chama, wagombea wote na kura zao, wadhifa wowote aliopata na tarehe ya Gazeti Rasmi iliyoutangaza, kamati alizokaa, na namna kipindi kilivyokwisha. Safu hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha. Kipindi huisha kwa Bunge kuvunjwa, kwa kifo, kwa kujiuzulu, kwa kuhama chama, kwa hukumu ya mahakama katika kesi ya uchaguzi, au kwa kiti kutangazwa wazi kwa sababu nyingine. Kila mojawapo huacha karatasi yake mahali pake, kwa hiyo ukijua namna kipindi kilivyoisha unajua pa kutafuta.

Usiache mistari ya miaka aliyokuwa nje. Martin Shikuku wa Butere anaonyesha sababu. Oktoba 1975 alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua Kanu, chama tawala. Akatakiwa atoe uthibitisho. Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa kitini, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini, wakatoka Desemba 1978 baada ya Moi kushika urais. Anayehesabu vipindi tu ataona pengo katika orodha na kudhani wapiga kura waliwachoka, na kumbe pengo hilo ndilo sura nzito kuliko zote katika maisha yao. Jaramogi Oginga Odinga vilevile: aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, alijiuzulu umakamu wa rais 1966 na kuanzisha KPU, chama chake kikapigwa marufuku Oktoba 1969, na hakurudi bungeni hadi uchaguzi wa 1992. Miaka ile 23 ya katikati haimo katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, lakini ukiiruka huna wasifu.

Sasa majina ya maeneobunge, ambayo yamewapotosha waandishi wengi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1963 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117 vya kuchaguliwa, na Seneti ilikuwa na viti 41. Mwishoni mwa 1966 mabaraza hayo mawili yaliunganishwa, na maeneo yakagawanywa upya yakawa 158 ili maseneta nao wapate viti. Ndiyo maana mtu anaweza kutajwa kama seneta katika gazeti la 1966 na kama mbunge katika gazeti la 1967 bila uchaguzi wowote kati yake. Mwaka 1988 viti vikawa 188, 1997 vikawa 210, na kwa Katiba ya 2010 vikawa 290. Kila mara mipaka ilipochorwa upya, majina yalihama, yaligawanywa au yalikufa. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, alishinda Kisumu Town mwaka 1969. Ukitafuta eneobunge la jina hilo katika orodha ya leo hutalipata.

Mfano mzuri zaidi ni Mwai Kibaki, na nitakaa naye kidogo kwa sababu jedwali lake linafundisha karibu kila kitu unachohitaji. Mwaka 1963 alichaguliwa Doonholm, Nairobi. Mwaka 1969 kiti hicho kikaitwa Bahati, naye akashinda kwa taabu mbele ya Jael Mbogo. Mwaka 1974 alihamia kwao Othaya, Nyeri, na hakutoka huko hadi 2013. Leo liko eneobunge liitwalo Bahati, lakini lipo Kaunti ya Nakuru. Mwanafunzi anayeandika "mbunge wa Bahati" kwenye mtandao hupata watu wasiohusiana naye kabisa, na nimeliona kosa hilo limechapishwa.

Endelea na safu ya wadhifa. Kibaki alianza kama katibu wa bunge katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1966 akawa Waziri wa Biashara na Viwanda, mwaka 1969 akapewa Fedha, akaishika hadi 1982. Alikuwa Makamu wa Rais tangu Oktoba 1978 hadi Machi 1988, kisha akateremshwa Afya. Siku ya Krismasi 1991 alijiuzulu, akaanzisha Democratic Party. Alikuwa wa tatu katika kura ya urais ya 1992, wa pili 1997, na baada ya hapo akawa Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Desemba 2002 alishinda urais kwa tiketi ya muungano wa Narc. Hapa vijana hukwama: je, alipokuwa Rais aliacha ubunge? Hakuacha. Katiba ya zamani ilimtaka Rais awe mbunge wa kuchaguliwa, kwa hiyo 2002 na 2007 jina lake lilikuwa kwenye karatasi mbili za kura huko Othaya, ya urais na ya ubunge. Ni Katiba ya 2010 iliyotenganisha viti hivyo, na iliyowatoa mawaziri bungeni pia. Jumlisha: alichaguliwa mbunge mara 10 mfululizo, Mei 1963 hadi Bunge la Kumi lilipomaliza muda wake Januari 2013. Watu husema miaka 50. Kwa kalenda ilipungua kwa miezi michache, na mwandishi makini husema "karibu miaka 50".

Tazama sasa jedwali hilo linavyouliza maswali lenyewe. Kwa nini mwenye kiti cha mjini ahamie mashambani 1974? Waziri wa Fedha wa miaka ile, wakati bei ya mafuta ilipopanda 1973 na kahawa ilipopanda 1976 na 1977, alisema nini katika hotuba zake za bajeti kila Juni? Aliyelinganisha kuing'oa Kanu na kukata mti wa mugumo kwa wembe alijiuzulu baada ya muda gani? Hukuhoji mtu hata mmoja na tayari una sura tatu. Fanya hivyo na mzee wako.

Baada ya jedwali, nenda kwenye Hansadi. Kwa miaka unayoitaka utaipata katika maktaba ya Bunge, katika maktaba za vyuo vikuu vya zamani, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni ikiwa imepigwa picha. Juzuu za zamani zina safu mbili kila ukurasa, na nambari ni za safu, si za ukurasa. Ukinukuu, andika tarehe ya kikao na nambari ya safu, kwa sababu nambari za juzuu huchanganya na tarehe haichanganyi. Anza na faharasa ya mwisho wa juzuu kama ipo. Usitegemee utafutaji wa kompyuta peke yake: kurasa zilizopigwa picha vibaya hugeuza herufi, na jina la mzee wako huenda liliandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika kikao kimoja.

Kosa la kwanza katika Hansadi ni kumtafuta mtu kwa jina la eneobunge lake wakati alikuwa na wadhifa. Waziri au waziri msaidizi huandikwa kwa wadhifa wake kwanza. Kama mzee wako alikuwa waziri msaidizi kati ya 1983 na 1988, anaweza kuonekana kana kwamba aliacha kusema kabisa, na kumbe amejaa chini ya jina la wizara. La pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuhesabu maneno yote kuwa yake. Waziri msaidizi anayejibu swali kuhusu dispensari ya wilaya ya mbali anasoma jibu lililoandikwa na maofisa wa wizara. Jibu hilo halikuambii mawazo yake. Maneno yake mwenyewe utayapata kwingine: katika maswali ya nyongeza alipokuwa mbunge wa viti vya nyuma, yaani asiye na wadhifa serikalini, katika michango ya mjadala wa bajeti, katika hoja za kuahirisha kikao, na pale anapokatiza mwenzake kwa hoja ya nidhamu. Tenga mafungu mawili, maneno ya mbunge na maneno ya wizara, na usiyachanganye hata mara moja.

Soma hotuba yake ya kwanza yote. Kwa aliyeingia 1969, itafute katika mwaka wa 1970, mara nyingi katika mjadala wa kujibu hotuba ya Rais. Wabunge wapya huweka humo kila walichoahidi kwao: barabara, maji, shule ya upili, bei ya mazao. Kisha fuata kila ahadi mbele. Je, aliiuliza tena 1971? 1973? Barabara iliyoulizwa mara sita kwa miaka minne inakueleza tabia ya mtu kuliko tanzia nzima, hata kama barabara yenyewe haikujengwa. Andika pia jibu alilopewa kila mara. Utaona jinsi "fedha zikipatikana" ilivyokuwa ikirudi, na utaelewa kwa nini wapiga kura walichoka 1974.

Jambo moja kuhusu lugha, maana litakukuta. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike bungeni. Wabunge waliokuwa wakisikika sana kwa Kiingereza walinyamaza ghafla, na waliokuwa kimya wakapata sauti. Mzee wako hakuwamo Bunge la Tatu, lakini aliporudi 1979 alikuta Bunge linalojua kuzungumza lugha mbili. Angalia alichagua ipi, na kwa jambo gani. Huu ni ushahidi ambao ni msomaji wa Kiswahili tu anayeutumia ipasavyo, na inasikitisha kuona waandishi wakiupita.

Mahali pengine pa kutazama kwa karibu ni kura ambapo Hansadi huorodhesha majina ya waliokubali na waliokataa. Si nyingi, ndiyo maana zina thamani. Mwaka 1975, baada ya J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua North, kuuawa, kamati teule chini ya Elijah Mwangale ilileta ripoti yake, na serikali ikashindwa ilipojaribu kuizuia isipitishwe. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura dhidi ya serikali na akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen. Mstari mmoja wa majina katika ukurasa wa Hansadi uliamua mkondo wa maisha ya watu watatu. Kwa mzee wako, tafuta kura za namna hiyo katika Bunge la Nne, la Tano na la Saba. Usipomwona upande wowote, angalia kama alikuwapo siku hiyo. Kukosekana nako ni uamuzi wakati mwingine, ila usiseme hivyo bila ushahidi: huenda alikuwa hospitalini.

Juni 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na Hansadi ya baada ya hapo ina sauti nyingine. Sifa kwa Rais na chama hufungua karibu kila mchango. Usimhukumu mzee wako kwa sentensi hizo za ufunguzi, wala usizikate ili aonekane shujaa. Nukuu moja, useme kwamba ndiyo ilikuwa desturi ya ukumbi, kisha nenda kwenye sentensi ya tano au ya sita, pale alipoanza kusema alichotaka.

Kuhusu 1988, uwe mwangalifu sana, kwa sababu "alitolewa na mlolongo" ina maana mbili. Februari mwaka huo Kanu ilifanya mchujo kwa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya wakala au picha ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa, na wengine wakaenda kura ya siri tarehe 21 Machi. Je, mzee wako aliangushwa katika foleni, au alipita foleni akaanguka kwenye kura ya siri? Gazeti la siku iliyofuata mchujo litakuambia. Malalamiko ya foleni fupi kutangazwa mshindi yalijaa nchi nzima, na huenda yake yalikuwa ya kweli, lakini yaandike kama malalamiko yenye mwenyewe: nani alisema, wapi, lini, na msimamizi wa uchaguzi alijibu nini. Usiandike "aliibiwa kura" kwa sauti yako mwenyewe kama huna namba za vituo.

Chaguzi za 1969 hadi 1983 nazo zina tatizo la msamiati. Kwa kuwa hakukuwa na chama kingine kilichosimamisha wagombea, ushindani wote ulikuwa ndani ya Kanu, na magazeti mengine huuita mchujo na mengine uchaguzi mkuu. Usitafute matokeo mawili ya 1969 kwa kiti kilekile, kwani aliyeshinda ndani ya Kanu ndiye aliyekuwa mbunge.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa, pamoja na matoleo maalumu. Humo utapata majina ya waliochaguliwa, uteuzi wa mawaziri na wasaidizi, uteuzi katika bodi za mashirika ya umma, na matangazo ya viti vilivyobaki wazi. Bodi usizisahau. Wanasiasa wengi walioanguka uchaguzi walipewa uenyekiti wa shirika fulani, na huko ndiko walikoishi hadi uchaguzi mwingine. Ukimpata mzee wako katika bodi kati ya 1974 na 1979 umeziba nusu ya pengo lako. Makavazi ya Taifa, kwenye Moi Avenue jijini Nairobi, yana ripoti za kila mwaka za wilaya na faili za wakuu wa wilaya. Faili za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikipita miaka 30, kwa hiyo kipindi chako karibu chote kimo ndani. Mkuu wa wilaya aliandika kuhusu mbunge kwa jicho la mpinzani mara nyingi, kwa sababu wote wawili waligombania usemi juu ya watu walewale. Isome ukijua hivyo.

Sasa washa kinasa sauti. Mahojiano sasa yatakuwa na faida, kwa kuwa unakwenda na jedwali na nakala za kurasa. Usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Uliza kwa matukio: kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 au baada yake? Wakati wa njaa ya 1984? Mwaka wa mlolongo? Watu hukumbuka tukio kwa usahihi na mwaka kwa kubahatisha. Mpe mzee ukurasa wa Hansadi mkononi, umsomee, kisha unyamaze. Watafute wale ambao hawakualikwa kuzungumza mazishini, yaani aliyeshindwa naye 1979, aliyemshinda 1974, wakala wake wa kituo, dereva, katibu wa tawi la Kanu, na mwanamke aliyeongoza kikundi cha harambee. Dereva hujua alilala wapi usiku wa kuhesabu kura. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno, basi panga mahojiano machache na mazuri. Kila faili ya sauti ipe jina lenye tarehe na herufi za mwanzo za msemaji, na umwombe idhini mwanzoni mwa mazungumzo huku kinasa kikiwa kimewashwa.

Tanzia yako ina kazi yake pia. Itumie kwa majina ya wazazi, ndugu, shule na kanisa, maana familia hukosea hapo kwa nadra. Kwa vyeo na miaka, ichukulie kama orodha ya mambo ya kuhakikisha. Tanzia nyingi humpandisha marehemu daraja moja: waziri msaidizi huwa waziri, mjumbe wa kamati huwa mwenyekiti.

Nikija kwenye swali lako la mwisho, alichokifanya kweli, jibu linahitaji kutenganisha kazi ya kutunga sheria na kazi ya maendeleo. Katika sheria, rekodi iko wazi, na wabunge wachache tu wana mswada wenye alama yao. Peter Oloo Aringo ndiye aliyeleta mabadiliko ya Katiba ya 1999 yaliyoanzisha Tume ya Huduma za Bunge, na Bunge likaanza kujitawala kwa bajeti na wafanyakazi wake. Muriuki Karue wa Ol Kalou ndiye aliyeleta wazo la Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, sheria ya 2003 iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Na walioshindwa wahesabiwe pia. Hoja ya Phoebe Asiyo wa Karachuonyo ya 1997, ya kuwatengea wanawake nafasi, iliangushwa, lakini mwelekeo wake unaonekana katika Katiba ya 2010. Mwandishi anayeorodhesha mafanikio tu angeiacha. Kama mzee wako alileta hoja ikaanguka, ipe kurasa zake.

Katika maendeleo ndipo chumvi humwagika. "Alijenga shule 14." Kabla ya 2003 mbunge hakuwa na hazina ya eneobunge. Shule zilijengwa kwa harambee, na mchango mkubwa ulikuwa wa wananchi wenyewe: mawe, mchanga, siku za kazi, na shilingi chache chache. Mbunge alileta mgeni wa heshima, akatoa kiasi, akaandamana wizarani kutafuta usajili na walimu. Hiyo ni kazi halisi na inastahili kutajwa kwa jina lake. Kwa kila shule, tafuta mwaka wa kusajiliwa, kumbukumbu za halmashauri ya shule na, kama ipo, orodha ya wachangiaji wa harambee. Kisha uandike kwa vitenzi sahihi: alichangisha, alitoa, alifuatilia, alifungua. Ukiona shule iliyosajiliwa 1976, alipokuwa nje ya Bunge, una jambo la kuvutia mkononi, kwa sababu ama sifa si yake, ama aliendelea kufanya kazi bila kiti.

Tuhuma zisikutishe wala zisikulevye. Kama kamati ya Bunge ilimtaja katika ripoti, taja ripoti, mwaka, maneno yenyewe, alichojibu, na mwisho wa jambo. Kama kuna uvumi tu, uache. Kubaliana na familia mapema, kwa maandishi, kwamba watasoma rasimu na kusahihisha makosa ya ukweli, na kwamba uamuzi wa kipi kibaki ni wako. Makubaliano hayo ni rahisi kabla ya kuanza. Yakisubiri hadi waione sura ya 1988, hayawezekani.

Mpangilio wa kitabu usiufanye kwa vyeo. Panga kwa vinyang'anyiro: 1969, 1974, 1979, 1983, 1988, 1992, 1997. Kila sura ifunguke na wagombea na kura zao, iingie Bunge lililofuata au miaka ya nje, na iishe mlangoni mwa uchaguzi mwingine. Sura ya 1974 na ya 1988, ambazo familia ingependa ziwe fupi, huenda zikawa ndefu kuliko zote. Nyuma ya kitabu weka jedwali lako lote kama kiambatisho, pamoja na kura za wapinzani wake kwa majina kamili. Wajukuu wa wapinzani hao watakuwa wasomaji wako wa kwanza, na wao ndio watakaokuletea picha ya mlolongo iliyokosekana.

Wiki hii, basi, tafuta mambo mawili tu: matokeo ya eneobunge lenu ya Oktoba 1974, na ukurasa wa kiapo chake baada ya Novemba 1979. Yakipatana na maneno ya wazee, mstari wa pili na wa tatu wa jedwali imesimama, na unaweza kuanza kusoma hotuba yake ya kwanza.